Daftari la Maswali: Uchambuzi wa Kisa cha Hofu ya Ebola katika Mtaa Mmoja wa Kivu Kaskazini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa mjini, jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya Desemba 2018 na Februari 2019, wakati Ebola ilipokuwa imeshika kasi katika eneo la Beni na Butembo. Majina ya watu, ya mtaa na ya zahanati yameondolewa, na mambo madogo yasiyobadili maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Siku zinahesabiwa tangu kifo cha kwanza, ambacho ndicho siku ya 1. Mwandishi alikuwa mmoja wa timu inayozungumziwa, kwa hiyo makosa yatakayotajwa ni yetu sote na hayatajwi kwa kunyoosheana vidole.

Kinachochunguzwa hapa ni maswali ya watu: yaliulizwa namna gani, yalijibiwa namna gani, na kwa nini kwa majuma kadhaa majibu yaliyokuwa sahihi kitaalamu hayakumtuliza mtu yeyote.

Mazingira

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya wagonjwa kugunduliwa Mangina, mji mdogo usio mbali na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi wa Ebola nchini tangu ugonjwa huo ulipotambuliwa Yambuku mwaka 1976, nao ulikuja wiki moja tu baada ya ule wa tisa, wa jimbo la Équateur, kutangazwa kwisha. Ule wa Équateur ulikuwa umezimwa katika muda usiofika miezi 3. Wengi wetu katika riposti, maana ndivyo watu wote wa huko walivyozoea kuuita mpango wa kupambana na Ebola, tulidhani mbinu zilezile zingetosha.

Kivu Kaskazini ilikuwa na historia nyingine. Tangu Oktoba 2014 vijiji na vitongoji vya Beni vilikuwa vikishambuliwa mara kwa mara kwa mapanga na bunduki, mauaji ambayo mengi yanahusishwa na kundi la waasi la ADF, na wakazi walikuwa wamezika ndugu zao kwa mamia bila kuona msafara wa magari ukija kuwauliza kuna nini. Tarehe 22 Septemba 2018, riposti ikiwa haijatimiza miezi miwili, mji wa Beni wenyewe ulishambuliwa, na shughuli zikasimama kwa maombolezo. Mtu aliyetoka kwenye mazishi hayo ndiye aliyefuatwa nyumbani kwake na kuambiwa kwamba hatari kubwa inayomkabili ni homa.

Utafiti uliofanywa Beni na Butembo mwezi huohuo wa Septemba, kwa kuwahoji watu wazima 961, ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo, na kwamba wasiofika theluthi moja ndio waliokuwa na imani kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Takwimu ya kwanza tuliitaja sana vikaoni, kana kwamba ndiyo iliyokuwa inaeleza kila mlango uliofungwa mbele yetu. Ya pili hatukuitaja, na nikitazama nyuma naona kwamba ndiyo iliyotuhusu zaidi.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, yatosha kukumbuka machache. Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Aliyeambukizwa hawezi kumwambukiza mwenzake kabla hajaanza kuugua. Na mwili wa aliyefariki hubeba virusi vingi mno. Dalili za mwanzo, yaani homa, kichwa kuuma na uchovu, hazitofautiani na za malaria, ambayo katika eneo hilo humpata karibu kila mtoto. Ndiyo maana zahanati ndogo za watu binafsi, ambako mtu hupata sindano haraka na kwa bei nafuu, zilikuwa miongoni mwa mahali ugonjwa ulipoenezwa.

Mfululizo wa matukio

Siku ya 1, katikati ya Desemba, mama mmoja mchuuzi wa sokoni alifariki usiku nyumbani kwa dada yake. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekwenda katika zahanati ya binafsi, akatibiwa malaria kwa sindano, akarudi nyumbani, kisha akaanza kutapika. Jirani yao aliyewahi kuwa muuguzi ndiye aliyewasihi wasiuguse mwili na kumwita mhamasishaji wa mtaa, hao wanaoitwa reko. Sampuli ya mate ilichukuliwa, na baada ya saa chache maabara ikathibitisha Ebola.

Siku ya 2 timu ya mazishi salama ilifika kwa magari mawili, la pili likiwa na polisi wenye bunduki. Vijana wa mtaa walikwisha kukusanyika, mawe yakarushwa, magari yakageuza. Siku ya 3 mazishi yalifanyika, baada ya mzee wa ukoo na mchungaji kuafikiana na timu kwamba polisi wabaki barabara kuu, familia iuone uso wa marehemu kabla mfuko haujafungwa, na kaka mkubwa wa marehemu avae nguo za kinga na kushika pembe moja ya jeneza. Yalipita kwa amani. Sisi tulilichukulia jambo hilo kuwa ni bahati ya siku moja, tukaendelea na utaratibu wetu wa kawaida, ilhali lilikuwa limekwisha kutuonyesha karibu kila kitu tulichokuja kujifunza baadaye.

Kati ya siku ya 4 na ya 12 tuliorodhesha watu 31 waliokuwa wametangamana na marehemu. Kila asubuhi gari liliingia mtaani na kipaza sauti, likitangaza kwamba Ebola ipo, kwamba watu wanawe mikono, kwamba chanjo inapatikana. Watu 12 walikataa kuchanjwa, na wengine kadhaa hawakuonekana nyumbani kila walipofuatwa kupimwa joto. Siku ya 10 mtoto wa kiume wa marehemu, mwenye umri wa miaka tisa, alianza kuugua. Shangazi yake, ambaye ni shemeji ya marehemu na alikuwa mjamzito, alimlea kwa siku mbili kabla mtoto hajapelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, CTE.

Siku ya 13, tarehe 26 Desemba, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba wapiga kura wa Beni na Butembo hawatashiriki uchaguzi wa tarehe 30 pamoja na nchi nzima, na sababu mbili zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Ebola mjini Beni. Kazi yetu ya mtaani ilikatika. Tarehe 30 baadhi ya wakazi wa Beni walijiandalia upigaji kura wao wa mfano, na kabla ya kusogea kwenye sanduku walinawa mikono. Picha za foleni hiyo zilinifadhaisha kuliko mawe ya siku ya 2. Watu tuliokuwa tukiwaeleza kwa kipaza sauti namna ya kunawa mikono walikuwa wanajua kunawa, na walinawa ili kuonyesha kwamba sababu waliyopewa ya kunyimwa kura haikuwatosha.

Siku ya 19 chifu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, alikubali kuitisha kikao. Siku ya 20 kikao cha kwanza kilifanyika chini ya mwembe, bila gari, bila polisi na bila fulana za nembo. Kutoka upande wetu walikuwapo reko wawili wa mtaa huo, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, daktari mmoja wa kufuatilia maambukizi, na mwanamume aliyekuwa ameugua Ebola akapona. Daftari la kurasa mia moja liliwekwa mezani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuingia mtaani bila walinzi, ulizua ubishi mkali ndani ya timu, wala sidai kwamba ungefaa kila mahali. Hatari ilikuwa ya kweli. Miezi michache baadaye, Aprili 2019, daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo akiwa kazini. Hoja iliyoshinda ilikuwa hii: katika mtaa huu bunduki ilikuwa imekwisha kuwa swali lenyewe. Kijana mmoja alituambia wazi, “Dawa ya kuponya haiji na askari.” Tuliafikiana kwamba usalama wetu utakuwa mikononi mwa chifu na mzee wa ukoo, na kwamba wao wakisema leo msije, hatuji.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kuuliza na kujibu. Katika mikutano ya awali mtaalamu alizungumza kwanza kwa nusu saa, kisha akauliza kama kuna swali. Maswali yaliyofuata yalikuwa machache na ya adabu, na sisi tuliandika katika ripoti kwamba ujumbe umeeleweka. Sasa tuligeuza mpango. Mtu yeyote angeweza kuandikisha swali bila kutaja jina; maswali yangesomwa kwa mpangilio uleule yalivyoandikwa, pasipo kuruka hata moja; na lile lisilokuwa na jibu lingesomwa nalo, pamoja na maneno “jibu hatujalipata” na tarehe ya kurudi nalo. Sababu ya masharti hayo ni kwamba watu walikuwa wametukamata tukichagua. Tulipenda swali la popo na nyama ya porini, yaani la Ebola inatoka wapi. La posho za riposti tulilikwepa.

Kabla ya kikao cha tatu daftari lilikuwa na maswali 64. Ni machache sana kati yake yaliyouliza Ebola ni nini. Mengi yalikuwa ya aina hii: “Kwa nini munanisainisha karatasi kabla ya sindano? Ninajisainia kifo?” “Malaria inaua watoto wetu kila mwaka, mbona hatujaona gari la malaria?” “Tulipochinjwa mulikuwa wapi?” “Kama chanjo ni nzuri, kwa nini munamunyima mwenye mimba?” “Dawa ni nne, na munampa mgonjwa kwa kupiga kura. Kwani ninyi hamujui?” “Nikisema kwamba nilidungwa sindano kwa fulani, mutafunga kwake?”

Tuliyagawa maswali hayo mafungu matatu, si kwa mada, bali kwa uhusiano wetu nayo. Fungu la kwanza lilikuwa la yale tunayoyajua. La pili, yale tunayoyajua lakini yanatuaibisha au yanatuogofya kuyasema. La tatu, yale ambayo si yetu kuyajibu.

Swali la karatasi lilikuwa katika fungu la pili. Ukweli ni kwamba chanjo ya rVSV-ZEBOV wakati huo ilikuwa bado haijasajiliwa. Ilitumika chini ya utaratibu wa utafiti, na ndiyo maana ridhaa ya maandishi ilitakiwa. Baadhi ya wenzetu walihofu kwamba kulisema hilo hadharani ni kuthibitisha uvumi kuwa watu wanafanyiwa majaribio. Tuliamua kulisema, kwa maelezo haya: chanjo hii ilijaribiwa Guinea katika mlipuko uliopita na ikaonyesha kinga kubwa, inatokana na virusi vingine vya mifugo vilivyobadilishwa ili vibebe kipande kimoja tu cha Ebola, kwa hiyo haiwezi kuleta Ebola, inahitaji siku kama 10 kujenga kinga, na karatasi ipo ili anayechanjwa awe na haki ya kukataa. Mzee mmoja alituuliza kwa nini hilo la haki ya kukataa halikuwahi kusemwa na kipaza sauti. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Swali la dawa nne tulilijibu vivyo hivyo. Wakati huo wagonjwa walioingizwa katika utafiti kwenye baadhi ya vituo vya matibabu walikuwa wakipewa moja kati ya dawa nne, ZMapp, remdesivir, mAb114 au REGN-EB3, kwa kupangiwa kwa bahati nasibu, kwa sababu kweli hakuna aliyejua ipi ni bora. Daktari wetu alisema, “Hatujui. Tukijua, hatutapiga kura tena.” Mjomba wa mtoto aliyekuwa amelazwa CTE alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba hilo ndilo jambo la kwanza aliloambiwa na riposti ambalo lingeweza kuwadhuru riposti wenyewe, na kwa hiyo ameliamini.

Swali la mauaji lilikuwa la fungu la tatu, na hapo kishawishi cha kukosea kilikuwa kikubwa. Reko mmoja alitaka kujibu kwamba “sisi ni watu wa afya, hayo hayatuhusu.” Muuguzi alimzuia. Tulikubaliana kulisikiliza bila kulijibu, kuliandika, na kumpelekea kiongozi wa kiraia wa eneo hilo kwa barua iliyosomwa mbele ya watu. Barua haikuzaa lolote, nasi tulisema mapema kwamba huenda isizae. Hata hivyo, hatukuligeuza swali la vifo vyao kuwa utangulizi wa somo letu la Ebola, kama tulivyokuwa tumefanya zaidi ya mara moja.

Swali la sindano kwa fulani ndilo lililobadili mwenendo wa kisa. Muuguzi alitambua kwamba ndani ya swali hilo mlikuwa na taarifa: kulikuwa na wateja wa zahanati iliyomtibu marehemu ambao hawakuwamo katika orodha ya watu 31, nao walinyamaza ili wasiwaletee wenye zahanati balaa. Utaratibu wa kawaida ulikuwa kuisimamisha zahanati. Tuliomba, na ofisi ya afya ya eneo ikakubali, kwamba isafishwe kwa dawa, wahudumu wachanjwe na wafunzwe kuwatenga wenye dalili, kisha iruhusiwe kuendelea chini ya uangalizi. Jibu lilisomwa katika kikao cha tatu: haitafungwa. Katika siku mbili zilizofuata majina mapya 9 yalitufikia.

Matokeo

Miongoni mwa majina hayo 9 alikuwamo mhudumu wa zahanati mwenyewe, ambaye alikwisha kuanza kupata homa. Alipelekwa CTE mapema na akapona. Mtoto wa marehemu naye alipona, akarudi nyumbani siku ya 34 na cheti chake cha kupona mkononi. Kati ya wale 12 waliokataa chanjo, 10 walikubali. Vijana waliorusha mawe hawakuja kuwa marafiki zetu, ila waliacha kurusha.

Shangazi wa mtoto hakupona. Swali la wajawazito liliandikwa katika daftari tangu kikao cha kwanza, na ingawa hatukuuliza jina, mtaa mzima ulijua ni nani aliyeliandikisha. Utaratibu wa wakati huo uliwaondoa wajawazito na wanaonyonyesha katika chanjo kwa sababu usalama wake kwao haukuwa umethibitishwa. Tuliliweka swali hilo pembeni tukisubiri maelekezo kutoka juu, na katika kikao cha pili tukasoma “jibu hatujalipata.” Siku ya 22 alianza kuumwa. Alijificha kwa siku tatu, na baadaye ndugu zake walitueleza kwamba alidhani mtu aliyenyimwa chanjo atanyimwa na matibabu pia. Alifikishwa CTE siku ya 25, mimba ikatoka, naye akafariki siku ya 27.

Baada yake hakukuwa na mgonjwa mwingine wa mnyororo huo. Mtaa ulihesabu siku 42, yaani mara mbili ya siku 21, bila maambukizi mapya. Nje ya mtaa mambo yalikuwa mengine kabisa: Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, Julai dharura ya afya ya kimataifa ikatangazwa baada ya mgonjwa kupatikana Goma, na mlipuko mzima haukwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba kilichofanikiwa ni “ushirikishwaji wa jamii,” maneno ambayo riposti iliyatumia mpaka yakachakaa. Nadhani kilichofanikiwa ni kitu chembamba zaidi, nacho ni mpangilio wa maswali. Tulipofungwa na sharti la kusoma kila swali kwa zamu yake, tulinyang'anywa uwezo wa kuchagua tunachokijua, na watu wakaanza kutupima kwa namna tunavyoyabeba yale tusiyoyajua. Hofu haikuondoka, wala haikupaswa kuondoka katika ugonjwa ambao uliua takriban wawili kati ya kila wagonjwa watatu. Ilipata mahali pa kuwekwa, badala ya kuzagaa sokoni na kwenye simu.

Jambo la pili ni kwamba swali lilikuwa chanzo cha taarifa kuliko fomu. Fomu ya ufuatiliaji humwuliza mtu alikutana na nani, na mtu huyo hupima kwanza jibu lake litamgharimu nani. Swali lake mwenyewe huonyesha gharama anayoihofia. Majina yale 9 hayakupatikana kwa kuongeza wafuatiliaji; yalipatikana baada ya kuondoa gharama ya kuyataja. Ningemwomba kila anayefanya kazi hii ayasome maswali ya watu kwa jicho hilo kabla ya kutafuta majibu.

Tulikosea pia pale ambapo tulidhani tunafanya vizuri. Katika kikao cha pili daktari, akitaka kuwatuliza watu, alisema chanjo ni salama kabisa na haina shida yoyote. Siku mbili baadaye kijana aliyechanjwa alipata homa na maumivu ya viungo, mambo ambayo chanjo hiyo huweza kuyaleta kwa siku chache, na kwa kuwa homa ni dalili ya Ebola alitengwa na kupimwa. Hakuwa na Ebola. Habari kwamba chanjo imempa Ebola ilikuwa imefika mtaa wa tatu kabla majibu ya maabara hayajatoka. Katika kikao kilichofuata daktari alisimama, akasoma maneno yake mwenyewe kutoka katika daftari, akasema, “Hapa nilisema zaidi ya ninachokijua,” kisha akaeleza madhara madogo ambayo alipaswa kuyaeleza tangu mwanzo. Walioahirisha kuchanjwa walianza kurudi baada ya hapo. Bado naamini kwamba tungekuwa tumepoteza wachache zaidi kama angesema ukweli wote tangu awali, kwa sababu si kila aliyesikia kosa alihudhuria masahihisho.

Kosa la pili lilihusu sauti za wanawake. Daftari lilikaa kwa chifu, na wanaoingia kwa chifu bila sababu ni wanaume. Maswali mengi ya wanawake yalianza kuonekana pale reko wa kike alipoamua kwa hiari yake kulibeba hadi bombani asubuhi, na yalikuwa mengine kabisa. Waliuliza kama mume aliyepona anaweza kumwambukiza mkewe, na hilo si swali la kupuuza, maana virusi huweza kubaki katika shahawa za aliyepona kwa miezi mingi, ndiyo sababu waliopona hushauriwa kutumia kondomu na kupimwa mara kwa mara. Waliuliza nani atamnyonyesha mtoto wa mama aliyelazwa. Chini ya mwembe hakuna aliyeyauliza hayo katika vikao vitatu.

Lipo pia suala la fedha, ambalo tulilijibu nusunusu. Tulieleza posho ya reko ni kiasi gani, kwa sababu ilikuwa ndogo na haikutuaibisha. Gharama za kukodi magari hatukuzieleza. Watu waliliona pengo hilo, na jina la “biashara ya Ebola” halikufutika mtaani hata siku ile tuliyoagana kwa heri. Pia tulipochagua reko wapya wawili kutoka mtaani, ugomvi juu ya nafasi hizo ulikaribia kutuvunjia vikao, na chifu alilazimika kuamua kwa kugawana zamu.

Kuhusu marehemu wa pili, timu iligawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Wapo wanaosema tulifuata utaratibu uliokuwapo na hatukuwa na ruhusa ya kumchanja, na hilo ni kweli. Ruhusa ya kuwachanja wajawazito na wanaonyonyesha ilikuja mwaka 2019, baada ya wataalamu wengi kuidai. Lakini swali lake lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kwa nini sichanjwi, ilihitaji maelekezo kutoka juu. Ya pili, ambayo hakuiandika lakini ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angemtembelea, ilikuwa: nikiugua, mtanipokea? Hiyo muuguzi wetu angeweza kuijibu papo hapo, kwa neno moja, siku ya 20. Tulisubiri kuwa na jibu kamili, na kwa kusubiri tukaliacha la nusu ambalo lingemleta CTE siku ya 22 badala ya ya 25. Kama siku hizo tatu zingemwokoa, hakuna awezaye kusema. Tangu hapo, maneno “jibu hatujalipata” katika vikao vyetu vilivyofuata hayakuruhusiwa kusomwa peke yake. Ilibidi yafuatwe na kile ambacho muulizaji anaweza kukitegemea wakati anasubiri: aende wapi, amwite nani, na kwamba atapokelewa.

Ule mjadala wa dawa nne ulipata jibu lake Agosti 2019, wakati utafiti uliposimamishwa kabla ya muda kwa sababu mAb114 na REGN-EB3 zilikuwa zimeonyesha kwamba zinaokoa zaidi: waliofariki walikuwa takriban theluthi moja ya waliopewa hizo mbili, dhidi ya nusu hivi kwa zile nyingine. mAb114 yenyewe ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Reko wa mtaa alirudi kwa mjomba wa mtoto kumpa habari hiyo, ingawa mtaa ulikuwa umekwisha kutoka katika orodha ya riposti na hakuna aliyemtuma. Mjomba aliuliza kama sasa kura imekwisha. Akaambiwa ile ya dawa nne imekwisha. Akaomba daftari, akalitafuta swali lake, akaandika tarehe ya siku hiyo pembeni yake.